Warina Asali wa Jioni

Bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, kwa miaka mingi lilitajwa kwa sababu ya mbung'o. Hofu ya malale iliwafanya watu wasite kuhamia huko, na vichaka vingi vya migunga vikapona shoka. Leo sehemu ya bonde ni Mbuga ya Ruma, na pembezoni mwake, mvua zikishaleta maua, nyuki wana karamu. Binadamu hana cha kumshukuru mbung'o, nyuki anacho.

Wafanyabiashara wa asali wana sifa zao, lakini leo namsifu yule mwalimu wa Ndhiwa au mwenye duka wa Awendo aliyetundika mizinga miwili mitatu nyuma ya boma kwa kujifurahisha tu. Hana mkopo wa kulipa kwa asali hiyo, wala mnunuzi anayempigia simu kila kukicha. Kwa hiyo anaweza kungoja, na kungoja ndipo wengi wanaposhindwa.

Mara nyingi mzinga wake ni ule wa viunzi vya juu, uliobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada: sanduku lenye mbavu za mshazari, juu yake viunzi vimepangwa bega kwa bega, kila kimoja upana wa milimita 32 hivi. Kipimo hicho kimefuata nyuki wetu, walio wadogo kuliko wa Ulaya, wanavyopenda kupanga masega yao. Kiunzi kikiwa kipana mno wanajenga ovyo, na hapo hakuna tena kuinua sega moja bila kurarua jirani yake.

Kazi huanza jua likizama, kwa kuwa nyuki hawa ni wakali na gizani hawaruki sana. Tochi hufungwa plastiki nyekundu, rangi ambayo nyuki haioni vizuri. Bomba la moshi hutiwa magunzi au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Moshi unafunika harufu ya hatari ambayo nyuki aliyeuma huwaachia wenzake, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Basi ukipitia sokoni Rongo jioni hiyo, ndizi za Kisii ziache zikusubiri.

Kisu kinapita kati ya viunzi, gundi ya nyuki inaachia kwa mlio mdogo mkavu. Sega linainuliwa wima, na wima linabaki. Ukililaza kidogo tu, nta changa inakatika kwa uzito wake na asali yote iko kwenye gambuti. Mrina anaangalia vifuniko. Robo tatu ya vyumba ikiwa imezibwa kwa nta nyeupe, asali imeiva. Isiyozibwa bado ina maji mengi, nayo itachacha ndani ya ndoo. Sega lenye majana linarudi mahali pake bila mjadala. Na hata kwenye masega yaliyoiva, mengine yanarudishwa, maana kiangazi kinakuja na wenye nyumba wanakula. Anayekata huacha ukanda mwembamba wa nta kwenye kiunzi ili wajenge upya kwa mstari uleule.

Jikoni hakuna haraka pia. Masega yanapondwa, yanachujwa kwa kitambaa safi, bila moto. Ndoo inafunikwa mapema: hewa ya ziwani ina unyevu, na asali inaunywa.

Upande wa Migori una shida ambayo Lambwe haijui sana. Tumbaku hukaushwa kwa kuni, na kila jiko la tumbaku linakula miti ambayo ingechanua. Mfugaji wa nyuki huko huanza kwa kuotesha miche, kisha ndipo anatafuta fundi wa mzinga. Naona hilo ni sehemu ya kurina, hata kama asali yenyewe iko mbali bado.

Tukirudi jikoni, makapi ya masega yanachemshwa kwenye maji, nta inaelea, inapoa, inatolewa kama kigae. Kipande chake kinasuguliwa kwenye viunzi vya mzinga mtupu, waya zinazoutundika zinapakwa oili chafu kuwazuia siafu, kisha unaachwa. Huku si kawaida kununua makundi ya nyuki. Huingia yenyewe, yakipenda, na yasipopenda mzinga unahamishiwa mti mwingine.