Mwenda Bure wa Ujiji

Ukiipitia orodha ya watu mashuhuri waliofika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, humpati hata mmoja aliyekuja kutembea tu. Burton na Speke waliingia Ujiji Februari 1858 wakitafuta chimbuko la Nile. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Novemba, akimtafuta Livingstone. Na Livingstone naye alikuwa bado anauhangaikia mto ule ule. Wajerumani wakaifikisha reli Kigoma mwaka 1914, kisha wakaleta meli nzima vipande vipande ndani ya makasha na kuiunga hapa hapa. Ndiyo Liemba. Jane Goodall alipita mwaka 1960 akiwahi sokwe wa Gombe, Che Guevara akapita 1965 akiwahi vita ng'ambo. Kila mmoja na hoja yake, kila mmoja na haraka yake.

Mimi nataka kumsifu mtu wa namna nyingine, yule anayetoka nyumbani jioni akiwa amechoka moyo kuliko mwili, akashuka hadi majini, akapunga upepo nusu saa, akarudi. Hana alichokitafuta wala hana la kusimulia. Mwenda bure si mkaa bure, walisema wahenga, huenda akaokota. Nusu ya kwanza ya methali hiyo naipenda sana. Ya pili inanitia shaka, maana ukishaanza kutembea huku unaangaza chini utafute cha kuokota, umerudi kazini.

Ufundi wenyewe unaanzia kwenye kujua saa ya kutoka, na hapo sisi wa Kigoma tumependelewa. Tuko magharibi kabisa ya nchi lakini tunafuata saa ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huzama kama dakika arobaini baada ya lao. Wenzetu wa pwani wameshawasha taa, sisi bado tunaliona juu ya milima ya Kongo. Na huko Kongo linakozamia, saa za watu zinasema ndiyo kwanza ni kumi na mbili. Karani anayefunga ofisi saa tisa na nusu bado ana mchana mwingine mbele yake, na wengi huumalizia kwenye simu. Asubuhi nayo ina wapenzi wake, sibishani nao, ila asubuhi mwaloni ni saa ya bei: dagaa wanashushwa, madalali wanapayuka, na mtu asiye na fedha mkononi ni kizuizi tu. Jioni, kuanzia saa kumi na moja hivi, ukali wa jua umevunjika na upepo bado unatoka ziwani kwa sababu nchi kavu iliyopashwa joto kutwa nzima haijapoa. Usiku unageuka, unavuma kutoka nchi kavu kwenda majini. Anayechelewa anaukuta umempa mgongo.

Njia ninayoisifu si ndefu. Unaacha barabara kuu itokayo Kigoma, unashuka mtaa wa zamani, unapita penye mnara wa Livingstone na miembe yake, unaendelea hatua mia chache hadi ukanyage mchanga. Wageni wengi huishia mnarani. Wanapiga picha, wanapanda gari. Wanazikosa hatua zilizo bora kuliko zote.

Wa Kigoma mjini wana ya kwao, kutoka stesheni kuifuata ghuba kwenda Kibirizi, kupita matangi ya mafuta hadi penye boti za abiria wa vijiji vya kaskazini. Kwa macho si njia nzuri. Inafaa, hata hivyo, kwa mtu mwenye hasira, kwa kuwa ina kelele za kutosha kuzishinda zake.

Nirudi Ujiji. Livingstone alipokaa hapa, maji yalikuwa juu zaidi na ufukwe ulikuwa karibu zaidi na mji. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa lilifurika, likapasua kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, ambao ndio mlango wake pekee wa kutokea, na katika miaka iliyofuata likashuka kwa takriban mita kumi. Ardhi ikapatikana, watu wakajenga, wakalima, wakasahau. Tangu karibu mwaka 2020 maji yamerudi kudai. Ujiji, Katonga na Kibirizi kote kuna nyumba zilizoingiliwa, na sehemu ya njia waliyopita watu zamani sasa wanapita samaki. Kwa hiyo mahali pengine, ili uendelee kuufuata ufukwe, inabidi ukatize uani kwa watu. Hapo ndipo fundi wa matembezi anapojulikana.

Anajulikana kwa salamu. Mzee aliyekaa barazani anapewa shikamoo yake, na unasubiri marahaba kabla ya kuinua mguu mwingine. Wengine wote wanatosheka na maneno matatu, poleni na kazi, ambayo hayamdai mtu chochote zaidi ya asante. Mtu anayepita kimya huku anatazama huku na huku anadhaniwa mpimaji wa viwanja, au mtoza ushuru, au afisa uvuvi, na watu wanaacha walichokuwa wanafanya. Akishawaachisha kazi, matembezi yake yameharibika.

Nasema yameharibika kwa sababu kazi hiyo ndiyo dawa. Kuna mafundi wa boti pale ufukweni Ujiji wanaounda vyombo vyao kwa mikono, bila mashine ya umeme. Unakuta mkuku umelazwa mchangani na mataruma yameanza kupanda pande mbili, mengine meupe bado yananuka ubao mbichi. Fundi anachonga kwa tezo, anapeleka ubao mahali pake, anautazama kwa jicho moja, anautoa, anachonga tena kidogo sana, kiasi ambacho wewe usingekiona. Humwoni akifungua karatasi yenye mchoro. Mwenzake anakalafati chombo cha zamani, akipenyeza pamba kwenye nyufa kwa patasi butu na nyundo, na mlio wake unakwenda kwa mwendo mmoja mpaka miguu yako inaufuata yenyewe. Mbele kidogo akina mama wanakusanya dagaa waliokauka kwenye chanja kabla umande haujaanguka. Wanachambua kwa haraka ya kutisha, wazima huku, waliokatika vichwa huku, na mdomo wakati huo huo unamsema jirani asiyekuwepo. Vijana wanapanga taa kwenye boti. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi ni za betri na sola, nyepesi zaidi, na nadhani hakuna anayeililia harufu ya mafuta ya taa.

Wajapani, tangu mwaka 1982, wamekuwa na mpango wa serikali wa kuwahimiza raia wakaoge msitu, yaani watembee polepole kati ya miti, kimya, wavute hewa. Sina ugomvi nao. Lakini wanaohubiri matembezi siku hizi wametuzoesha kuamini kwamba moyo hutulizwa na ukimya na maumbile yasiyoguswa na mtu, na mwambao wetu unawakanusha kila jioni. Unanuka dagaa. Unapiga kelele za injini na redio. Hata hivyo mtu anashuka amekunja uso na anapanda amekunjuka. Mimi naona huzuni nyingi za watu wa makamo ni za kujiona tumebeba mbingu: bila mimi ofisi itasimama, bila mimi ukoo utasambaratika. Ufukweni unapita katikati ya watu zaidi ya mia wanaojua kazi zao, na hakuna hata mmoja anayekuhitaji. Hakuna anayekusubiri utoe uamuzi. Kufika hapo na kuona mambo yanakwenda bila wewe ni raha ambayo sijaipata msituni, kwa kuwa mti nao haukuhitaji, ila haukuhitaji kwa kutokujua.

Ushahidi tuliupata mwaka 2024, shughuli za uvuvi ziliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sababu zilikuwa za maana na sizipingi. Lakini kwa mwenda bure ule ulikuwa msimu wa ajabu. Mchanga ulikuwa safi, chanja tupu, boti zimepinduliwa, na ziwa liko pale pale na ukuu wake wote: kilometa 673 za urefu, kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Ukimya uliokuwepo ungemfurahisha Mjapani yeyote. Ukishuka, hukuwa na wa kumwambia poleni na kazi. Ukisema pole, ilikuwa pole nyingine kabisa. Nilikuwa napanda kurudi nyumbani mzito kama nilivyoshuka.

Nje ya miezi kama hiyo, anayeiongoza ratiba ya ufukwe ni mwezi wa angani. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwanga huo hauna nguvu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo usiku wa giza ndio wa kuvua. Siku za giza ukishuka jioni unawakuta wanaondoka, injini moja baada ya nyingine, na kabla hujafika nyumbani taa zao zimeshaweka mji wa pili juu ya maji. Mwezi ukijaa wanabaki, wanashona nyavu, wanacheza bao, wana muda wa kuongea. Anayependa mwendo achague giza. Mpenda soga asubiri mbalamwezi.

Mengine ni madogo. Usiulize bei kama hununui. Usipige picha, hata ukiruhusiwa, umeshageuka mtalii. Geuka kabla hujachoka, kwa kuwa kurudi ni kupanda mlima na watu husahau. Na ukiona aibu kurudi mikono mitupu, nunua fungu la dagaa, nyumbani watapata jibu la ulikuwa wapi, japo hapo umeshaiangukia ile nusu ya pili ya methali.

Lililobaki gumu kuliko yote ni bodaboda. Hawa hawaamini kabisa kwamba mtu mzima mwenye miguu miwili na shilingi elfu mfukoni anaweza kutembea kwa hiari yake. Kijana alinisimamia juzi pale njia inapoanza kupanda kutoka ufukweni.

"Shikamoo mzee. Unaelekea wapi?"

"Marahaba. Sielekei popote mwanangu, natembea tu."

Akanitazama, akaitazama barabara, akapangusa kiti kwa kiganja.

"Haya panda basi, nikutembeze. Buku tu."