Majina ya Nchi Zisizokuwapo: Bunilizi za Kisayansi kwa Jicho la Mofolojia

Karibu kila mwaka wanafunzi wa fasihi hutuletea swali lile lile: je, Kiswahili kina bunilizi za kisayansi? Anayeuliza huwa ameshajijibu kwamba hakina, na kwamba vyombo vya angani na sayari za mbali ni mali ya Wamarekani. Katika makala haya hatukusudii kutoa orodha ya vitabu. Tunakusudia kutazama jambo moja, nalo ni jinsi wabunifu wa kazi hizo wanavyozipa majina nchi na watu wanaowabuni, kwa kuwa hapo ndipo huonekana nani ameimaliza kazi yake na nani ameiacha mlangoni.

Tuanze na kazi iliyotengenezwa hapa hapa Rwanda. Filamu ya Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilipigwa picha nchini mwetu na kuonyeshwa Cannes mwaka 2021. Kisa chake kimewekwa Burundi. Humo mna wachimbaji wa koltani, vijana wadukuzi, na kijiji kilichoundwa kwa mabaki ya kompyuta. Lugha tano husikika: Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Mavazi yalibuniwa na msanii Mnyarwanda, Cedric Mizero, na kwa maoni yetu yeye ndiye nyota wa filamu hiyo ingawa haonekani kwenye picha. Nyaya na vipande vya mashine zilizokufa amevifanya vazi ambalo mtazamaji haulizi limetoka wapi. Anaamini tu kwamba watu wa huko huvaa hivyo. Kisa chenyewe hakifikii kiwango hicho. Kinalegea baada ya nusu ya kwanza, nyimbo zinachukua nafasi ya matukio, na asiyezoea namna hiyo ya usimulizi hupotea njia.

Hata hivyo, filamu hiyo ina jina moja ambalo tungependa kila mwanafunzi wa mofofonolojia alichambue. Mchimbaji mmojawapo anaitwa Matalusa. Williams alikuwa ametoa albamu iitwayo MartyrLoserKing mwaka 2016. Chukua maneno mawili ya kwanza ya jina hilo, uyapitishe kwenye ulimi wa mtu wa ukanda wetu: r ya mwishoni inadondoka, kila silabi inaishia kwa irabu, na Matalusa huyo anazaliwa. Huu ni utohozi, ule ule uliotupa shati na baiskeli. Kwa Kiingereza jina lilikuwa la shahidi na mshindwa. Likishatoholewa, aibu ya kushindwa haisikiki tena, na mwenye jina anasimama kama mtu wa kwao. Ni kazi nzuri. Lakini tusisahau kwamba malighafi ilitoka ugenini. Kiswahili kimo katika filamu hiyo kama msafiri ndani ya basi: kinasikika, kisha kinashuka.

Pumzi (2009), filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, imefanya kinyume. Jina lake ni la Kiswahili na linafaa sana kwa kisa cha dunia iliyokauka baada ya vita vya maji. Ukishaingia ndani, Kiswahili kimebaki mlangoni. Mawasiliano ni kwa Kiingereza. Neno lililopewa heshima humo ni la Kigikuyu, maitu, yaani mama, na filamu yenyewe inalikata vipande viwili, ukweli na wetu. Wanaisimu wanaweza kubishana kuhusu ukataji huo. Sisi tunaupenda, kwa kuwa mbunifu amelifungua neno kama anavyofungua mashine, akaonyesha kilichomo.

Sasa turudi kwenye vitabu vyetu wenyewe. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, baada ya kifo chake. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, na wajumbe wake sita hutumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini. Tumezoea kukifundisha kitabu hicho kama fumbo la utawala wa kikoloni, na si kosa. Lakini tazama jina: ku-sadik-ik-a. Kiambishi kimoja, -ik-, kinamwambia msomaji kwamba nchi hii haipo ila yaweza kusadikiwa. Mkataba kati ya msanii na msomaji, ambao wahakiki wa bunilizi za kisayansi huuandikia sura nzima, umeingizwa ndani ya kitenzi kimoja tangu kwenye jalada.

Katama Mkangi alifanya vivyo hivyo katika Walenisi (1995). Dzombo, mtu aliyehukumiwa, anarushwa kwa chombo cha angani na kuishia katika jamii ya watu walio sawa. Jina la nchi hiyo ni sentensi kamili iliyounganishwa: wale ni sisi. Chombo chake, tukubali, kimechorwa kwa haraka. Mkangi alikuwa na hamu zaidi ya kufika kuliko kusafiri. Pamoja na hayo, riwaya hii ingestahili kusomwa kama safari ya angani kwanza na tashtiti baadaye. Mihadhara yetu mingi huanza na tashtiti na kuishia hapo hapo.

Tunayasema haya kwa sababu Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na bado wahitimu wetu huiona milango miwili tu, chaki na tafsiri. Anayetengeneza filamu hutafuta fundi wa mavazi, wa taa na wa sauti mapema. Fundi wa maneno huitwa mwishoni, aandike tafsiri za chini ya picha. Nani atamwita mapema ikiwa sisi wenyewe hatujamwandaa?

Tulijaribu hapa Batsinda. Tuliwataka wanafunzi waandike kisa cha mtaa huu utakavyokuwa miaka 100 ijayo. Karibu miji yao yote ilikuwa na majina ya Kiingereza, na manahodha wake pia. Mmoja tu aligundua kwamba jina alilo nalo mlangoni linatosha: ba- ni ya watu, -tsinda ni ndugu wa shinda. Mji wake akauita Washindao, akawajaza humo wajukuu wa familia zilizoletwa kutoka Kiyovu kukaa katika nyumba za mradi, na kila msomaji darasani alitaka kujua walimshinda nani.

Zoezi la pili lilikuwa kukipa jina la Kiswahili kile kijiji cha Neptune Frost kiitwacho Digitaria. Kundi moja lilileta Kudijitika, kwa kumfuata Shaaban. Mwanafunzi wa nyuma akapinga: -ik- si ya kuwezekana tu, ni ya kuharibika pia, kama katika vunjika na katika, nchi hiyo itasikika kama kitu kilichoharibiwa na dijitali. Kundi likajibu kwamba kijiji kimejengwa kwa kompyuta zilizovunjika, kwa hiyo maana zote mbili zinatakiwa. Kipindi kikaisha wakiwa bado wanabishana.