VJ wa Kweli Hujulikana Angani

Filamu ya ngumi haimpimi VJ. Ina kelele zake yenyewe, na mtafsiri akikosa la kusema hupiga mayowe, kibanda kizima cha video kikamuitikia. Atakaye kujua nani fundi kati ya ma-VJ wa Kampala, hawa wanaoshika maikrofoni na kutufasiria filamu za kigeni kwa Kiganda, amsikilize kwenye filamu ya chombo cha angani: watu wachache, mlango umefungwa, mmoja ameanza kuumwa. Hapo hana pa kujificha.

Kwanza sikiliza anavyonyamaza. Angani hakuna hewa, kwa hiyo sauti haisafiri, na Gravity (2013) imelizingatia hilo: vyuma vinasambaratika mbele ya macho yako, nawe unasikia muziki, mtetemo na pumzi za mtu ndani ya helmeti tu. VJ mwoga akiuona mwanya huo huujaza maneno. Hofu yake ina sababu. Kibanda cha Katwe au Bwaise hakina utulivu: jenereta inanguruma, bodaboda zinapiga honi, kibanda cha jirani kinaonyesha mpira wa Uingereza. Anaona akinyamaza watu watadhani spika imekufa. Fundi hutangulia na sentensi moja kabla ya tukio, kisha huipandisha sauti ya filamu na kukaa pembeni mpaka hatari ipite.

Sisemi porojo ni dhambi. VJ Emmie ndani ya Who Killed Captain Alex? (2010), kazi ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, anaongea kama mvua, na ukiyaondoa maneno yake umeondoa nusu ya utamu. Lakini mtindo ule ukiupandisha kwenye Nostromo, chombo cha Alien (1979), hofu yote inakwisha kabla kiumbe hakijatokea.

Na katika Alien hiyohiyo kuna tukio ambalo kwangu ndilo mtihani wenyewe. Kane anarudishwa na wenzake, kiumbe kimemng'ang'ania usoni. Nahodha Dallas anataka mlango ufunguliwe. Ripley, aliye ndani, anakataa: karantini ni saa 24, bila hivyo wote wanaweza kufa. Ash, mwenzake wa ndani, anaufungua. VJ mbovu humgeuza Ripley kuwa mwanamke mwenye roho mbaya, kisha hurusha neno "Ebola" ili apate kicheko. Hajui anaongea na nani. Mwaka 2020 vibanda vyenyewe vilifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa Ebola ya virusi vya Sudan baada ya kifo cha muuguzi wa Hospitali ya Mulago, hapa hapa jijini. Watazamaji hawa wamepimwa joto milangoni, wamenawa mikono kwa dawa mpaka ngozi ikakauka. Wengi wao wako upande wa Ripley hata kabla hajamaliza kusema. VJ anayelijua hilo humpa Ripley sauti ya sista wa wodi aliyekesha zamu: hapandishi, habembelezi, na zile saa 24 anazitamka waziwazi, maana ndizo zinazobeba kisa chote.

Baada ya hapo mpe Moon (2009). Aliyekuwa hajaiona anisamehe: wanaume wawili wenye sura moja, mwigizaji mmoja, Sam Rockwell, na mmoja wao afya yake inaporomoka. Anatapika, jino linang'oka. VJ asiye na sauti mbili atatuchanganya ndani ya dakika chache. Wengine hutofautisha kwa kumfanya mmoja mlevi au mtu wa kijijini, njia rahisi mno. Msifu yule anayetumia pumzi: mgonjwa anakata sentensi katikati, mzima anazimaliza.

Maarifa nayo yana uzito wake, yakiwa mafupi. Mawasiliano ya redio kati ya Dunia na Mirihi huchukua takriban dakika 3 hadi 22 kwenda tu, ndiyo maana mgonjwa wa huko hawezi kuongea na daktari kama tunavyoongea kwa simu. Mafua nayo ndani ya chombo cha angani ni adha kubwa: bila uzito, kamasi haishuki. Wanaanga wa Apollo 7 waliugua mafua mwaka 1968, wakakataa kuvaa helmeti wakati wa kurudi kwa kuogopa masikio yao. VJ akidondosha neno moja la namna hiyo mahali pake, mtazamaji anaogopa kwa kuelewa. Akitoa mhadhara, tumepotea.

Kosa nisilomsamehe yeyote ni kufichua. VJ aliyejiandaa ameshaitazama filamu, anajua nani atakufa, na ulimi unamwasha. Kwenye filamu ya kivita "huyu hafiki kesho" ni mzaha unaokubalika. Kwenye chombo chenye ugonjwa, ambako shaka ya nani ameambukizwa ndiyo filamu nzima, mzaha huo ni wizi.

Basi ukienda kujaziwa filamu kwenye flashi, usimuulize muuzaji VJ gani anatamba wiki hii. Mwombe akufungulie Alien pale Ripley anapoukatalia mlango, usikilize dakika mbili. Ukimsikia VJ anacheka, mwambie aifute akupe ya mwingine.