Fataki Ikishakaa Kwenye Ganda: Safari ya Kutoka .308 Hadi .243

Nchini Marekani wawindaji na walenga shabaha wengi hujijazia risasi wenyewe nyumbani, na sheria inawaruhusu. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mahitaji ya risasi yalipanda ghafla kuliko viwanda vilivyoweza kuzalisha, na mmoja wa wazalishaji wakubwa, Remington, aliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Julai 2020. Kilichoadimika kuliko vyote kilikuwa fataki, yaani kile kikombe kidogo, chenye kipenyo cha milimita 5.33 kwa aina kubwa ya bunduki ndefu, kinachokaa kwenye kitako cha ganda na kuwasha baruti kikigongwa na pini ya bunduki. Ganda mtu anaweza kuliokota na kulitumia tena mara kadhaa. Fataki hutumika mara moja tu, na karibu hakuna anayeweza kuitengeneza nyumbani kwa usalama.

Hapo ndipo maganda ya jeshi yaliyovuliwa vichwa na kumwagwa baruti, lakini yakabaki na fataki nzima, yalipopata thamani mpya. Mengi yalikuwa ya milimita 7.62 za NATO, ambayo kwa vipimo vya nje ni pacha wa .308 Winchester. Kwa mwenye bunduki ya .243 swali lilikuwa moja: je, ganda hilo linaweza kubanwa shingo likawa la .243 bila kuing'oa fataki yake?

Linaweza. Lakini kazi hiyo ina sheria zake, na karibu zote zinatokana na ile fataki. Wengi huichukulia kama kazi ya kawaida ya kubana shingo yenye tahadhari moja ya kuongeza. Kwa maoni yangu ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu fataki hai inakunyang'anya zana mbili kubwa za fundi wa shaba: moto na maji.

Tuanze na uhusiano wa risasi hizi mbili. Winchester ilitoa .308 mwaka 1952, na miaka mitatu baadaye ikatoa .243 kwa kuchukua ganda lilelile na kubana shingo yake ipokee kichwa chembamba zaidi. Kitako ni kilekile, mwili ni uleule, bega limeinama kwa nyuzi 20 kwa zote mbili, na fataki ni ile kubwa ya bunduki ndefu. Kinachobadilika ni shingo. Kichwa cha .308 kina kipenyo cha milimita 7.82, cha .243 kina 6.17. Kwa hiyo shingo inapungua kwa milimita 1.65, jambo ambalo kwa shaba ya njano si dogo.

Shaba hiyo, mchanganyiko wa asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, huwa ngumu kila inapokunjwa au kubanwa. Ikizidi kuwa ngumu hupasuka. Dawa yake inajulikana: unaipasha shingo moto kwa sekunde chache, chembe za ndani zinajipanga upya, na ulaini unarudi. Kwa ganda tupu hiyo ni kazi ya kila siku. Kwa ganda lenye fataki hai ni marufuku, bila mjadala. Wapo wanaosema kitako kikisimamishwa ndani ya maji hakitapata joto la kutosha kuamsha fataki. Sikubaliani nao hata kidogo. Unachokitegemea hapo ni kina cha maji, uthabiti wa mkono na muda wa sekunde chache, huku mdomo wa ganda ukiwa umeelekea usoni au mkononi mwa mtu. Zaidi ya hayo, unyevu ukiingia kwenye fataki unaweza kuidhoofisha, na risasi isiyowaka kwa wakati wake ni hatari ya aina yake.

Kwa hiyo kazi yote inafanywa baridi na kavu. Waliofanikiwa waliugawa mwendo katika hatua mbili. Kwanza walibana shingo kwa dai (kalibu ya chuma inayolipa ganda umbo) ya 7mm-08 Remington, risasi nyingine ya ukoo huohuo iliyotolewa mwaka 1980, yenye kichwa cha milimita 7.21. Kisha wakahamia kwenye dai ya .243. Kwa njia hiyo shingo inapungua milimita 0.61 kwanza, halafu 1.04, na bega halijikunji wala kufanya makunyanzi kama linavyoweza kufanya likilazimishwa kwa mpigo mmoja. Shingo inatoka imekuwa ngumu kiasi, lakini ikiwa shaba ilikuwa laini tangu kiwandani itastahimili ufyatuaji mmoja. Baada ya hapo fataki imekwisha kazi, inang'olewa, na moto sasa unaruhusiwa. Ulainishaji unasogezwa tu kutoka mwanzo wa kazi hadi baada ya risasi ya kwanza. Huo ndio ufundi wa jambo zima.

Dai nayo inahitaji kuguswa kabla ya kuanza. Dai ya kawaida ya kurekebisha ganda ina fimbo katikati, na nchani mwa fimbo kuna sindano inayosukuma fataki iliyotumika itoke chini. Sindano hiyo lazima ifunguliwe na kutolewa, na kitufe cha kupanulia shingo kilicho kwenye fimbo hiyo kibaki. Pia presi, mashine inayosukuma ganda ndani ya dai, isafishwe vizuri. Kishikio cha ganda hubeba ukingo wa kitako tu, uso wa fataki ukibaki wazi juu ya tundu. Kipande cha fataki ya zamani au chembe ya chuma iliyokwama hapo inaweza kugeuka pini ya bunduki pale mkono wa presi unaposhushwa kwa nguvu. Sioni sababu ya mtu kufanya kazi hii bila miwani ya kinga na vizibo vya masikio, hata kama amekaa mezani miaka mingi.

Kilainishi kinastahili aya yake. Ganda likiingia kwenye dai bila mafuta linang'ang'ania humo, na kulitoa likiwa na fataki hai ni kazi isiyofaa kupewa mtu yeyote. Mafuta yakizidi, yanaweza kushuka ndani hadi kwenye tundu la moto, lile la takriban milimita 2 linalounganisha chumba cha baruti na fataki. Kwa hiyo nje ya ganda hupakwa lanolini nyembamba sana kwa vidole, na ndani ya shingo hutumika unga mkavu wa grafiti au mika. Baadaye ganda linafutwa kwa kitambaa kikavu, moja baada ya jingine. Kuliosha kwenye chombo cha maji na sabuni, kama mafundi wengi walivyozoea, hakuwezekani hapa.

Na kuna imani moja inayopaswa kuachwa: kwamba fataki ikimwagiwa mafuta imekufa na haina hatari. Baadhi hufa, nyingine hukauka na kuwaka kama kawaida. Fataki yoyote ambayo haijafyatuliwa ihesabiwe hai.

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi hawapimi, na mimi ningetaka kila mmoja apime. Shingo ikibanwa, shaba haipotei. Sehemu yake inarefuka, sehemu inanenepa. Kipimo cha juu cha nje cha shingo ya .243 iliyojazwa ni milimita 7.01. Toa kichwa cha 6.17, inabaki 0.84, yaani 0.42 kila upande. Shingo ya .308 mara nyingi huanza na unene wa karibu 0.38. Nafasi ya kunenepa ni ndogo mno, na maganda ya jeshi hayana sifa ya kuwa membamba. Shingo ikizidi unene, haina pa kupanukia ndani ya chemba ya bunduki, inaendelea kukibana kichwa wakati baruti inawaka, na shinikizo linapanda kupita kiasi. Jaza risasi moja ya mfano isiyo na baruti, pima shingo yake kwa kalipa, linganisha na kipimo cha chemba. Ikizidi, shingo inachongwa nje kwa kifaa chake, kikavu, na unga wa shaba unatikiswa utoke ndani ya ganda kabla ya hatua inayofuata. Urefu nao upimwe, kwa kuwa .243 inaruhusiwa kufika milimita 51.9.

Unene huohuo una matokeo ndani ya mwili wa ganda. Maganda mengi ya 7.62 ya jeshi yana kuta nene, hivyo nafasi ya baruti ni ndogo kuliko ya ganda la kiraia. SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya risasi tangu 1926, imeweka ukomo wa shinikizo la .308 kuwa pauni 62,000 kwa inchi ya mraba na wa .243 kuwa 60,000. Kiasi cha baruti kilichochapishwa kwa ganda la kiraia hakihamishwi hivyo hivyo kwenda kwenye ganda hili. Mtu huanza na kiwango cha chini kabisa kwenye kitabu na kupanda polepole, au anaacha.

Kitu cha mwisho ni maandishi ya kitako. Ganda la Lake City, kiwanda cha jeshi kilichoko Independence, Missouri, litaendelea kuonyesha LC na tarakimu za mwaka hata likiwa na kichwa cha .243, hivyo ni rahisi kuchanganya risasi. Hapo ukoo huu una nafuu kidogo, kwa sababu .308 haiwezi kuingia kwenye chemba ya .243. Hali ni mbaya zaidi kwa wanaokata maganda ya .223 kutengeneza .300 Blackout. Risasi hiyo ikiingizwa kimakosa kwenye bunduki ya .223 inaweza kuingia, na kichwa cha 7.82 kikalazimishwa kupita kwenye mtutu wa 5.69. Bunduki zimepasuka kwa sababu hiyo. Kwa mabadiliko ya namna hiyo, yenye msumeno, kukata na kuunda shingo upya, ushauri wangu ni mmoja: usianze na ganda lenye fataki.

Kwa .308 kwenda 7mm-08 au .243, kazi inafaa ikiwa fataki ni adimu kweli na fundi ana kalipa, dai mbili na subira. Fataki zikiwa zimejaa madukani, nunua maganda matupu ya .243. Na kila sanduku la maganda yaliyobadilishwa liandikwe kaliba mpya kwa herufi kubwa kabla halijaondoka mezani.