Picha za Kutafuta: Utamu Wake Uko Wapi?

Kitabu cha Mwingereza Martin Handford, "Where's Wally?", kilichotoka mwaka 1987, kina maneno machache sana, nacho huweza kumshika msomaji saa nzima. Kazi aliyopewa ni moja: amtafute Wally, mwenye miwani, kofia ya sufu na fulana ya mistari myekundu na myeupe, katikati ya umati uliofurika ufukoni, kituo cha reli au uwanja wa ndege.

Wengi husema utamu wake ni ule wa kupata. Sisi hatukubali. Wally akishaonekana mara moja, siri yake imekwisha. Mara ya pili jicho humwendea lenyewe. Kinachomrudisha mtoto ni wale wengine, wanaogongana, wanaoanguka na kufukuzana bila kujali kama twawatazama. Handford mwenyewe alilijua hilo, maana mwishoni mwa kitabu ameweka orodha ndefu za vitu vingine vya kutafuta.

Pieter Bruegel alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1559 alichora picha, ambayo leo imo Berlin, akaijaza methali zaidi ya mia za watu wa kwao, kila moja ikitendwa kama isemwavyo: huyu apiga kichwa ukutani, samaki mkubwa ammeza mdogo, yule afukia kisima baada ya ndama kufa maji. Asiyezijua methali huona wendawazimu tu. Azijuaye husikia mji mzima ukisema.

Hapo ndipo sisi walimu wa lugha tunapoguswa. Swali la "Yuko wapi?" hujibiwa kwa kidole, na kidole hakihitaji Kiswahili. Lakini mwanafunzi akiulizwa yule wa kisimani afanya nini, na kwa nini sasa, hana budi kutafuta maneno. Na huenda mwenzake aliye nyuma akakumbuka kwamba majuto ni mjukuu. Ndiyo sababu twampenda zaidi Mjerumani Ali Mitgutsch, ambaye kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu maisha ya mjini hakina maneno, wala mtu mmoja wa kusakwa.

Taabu ni moja. Picha za namna hii hazifai kubandikwa mbele ya darasa kubwa, kwani maajabu yake ni madogo kama punje za mtama. Zataka watoto watatu au wanne juu ya meza moja, vichwa vikigongana, na mwalimu asiye na haraka ya kugeuza ukurasa.