Mashine Isiyohesabu Magoli

Ukifungua sanduku la Magnavox Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu za video kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani, unakuta vitu vinavyoonekana kama vimepotea njia: dadu, karata, noti za kuchezea, ubao wa kuandikia alama, na karatasi za plastiki angavu zilizochorwa picha. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1972 kwa takriban dola 100. Leo ni rahisi kuvicheka vitu hivyo na kuviona kama dalili ya teknolojia iliyokuwa bado inatambaa. Mimi navisoma tofauti. Vinatuambia mashine ile ilimwachia nani mamlaka pale sebuleni.

Tuanze na kuifunga. Ilihitaji bisibisi. Mtu alizunguka nyuma ya runinga, akalegeza skrubu zilizoshika waya wa antena, akauhamishia waya huo kwenye kisanduku kidogo cha swichi, kisha akakiunganisha kisanduku na runinga. Mashine yenyewe ilikula betri 6. Runinga iliwekwa chaneli ya 3 au ya 4. Mwisho, ile plastiki ilibandikwa juu ya kioo, ikashikwa na umeme tuli. Zilikuja za saizi mbili, kwa kuwa runinga hazilingani. Aliyekulia kwenye nyumba yenye TV ya chogo anaijua kazi ya namna hii: mmoja yuko nyuma anashika waya, mwingine yuko mbele anapiga kelele, "Hapo hapo, usiguse!"

Ile swichi ilikuwa na pande mbili, upande wa gemu na upande wa matangazo ya kawaida. Katika nyumba yenye runinga moja, kuisogeza ni kumwambia mtu mwingine kwamba taarifa ya habari imeishia hapo. Kwa hiyo watu walilazimika kuelewana kabla ya nukta ya kwanza kuonekana.

Na nukta ndizo zilizokuwapo. Odyssey ilionyesha nukta mbili za wachezaji, ya tatu iliyokuwa mpira, na mstari mmoja. Haikuwa na sauti wala rangi, wala haikuhesabu magoli. Katika mchezo wa Ski, mlima na njia vimo kwenye plastiki. Nukta yako ni mwanga tu unaopita nyuma ya mchoro. Ukitoka nje ya njia, mashine haina habari. Mwenzako aliyekaa kando ndiye anayesema umetoka. Katika Haunted House mmoja huwa mpelelezi na mwingine mzimu, na nyumba yote ya kutisha ni picha iliyobandikwa kiooni.

Mtu anaweza kuuliza: hii ni gemu, au ni tochi iliyowekwa nyuma ya picha? Swali ni halali. Lakini ubao wa bao nao haujui nani amehesabu kete vibaya. Mashimo ni mashimo tu. Sheria zinakaa vichwani mwa wanaocheza na midomoni mwa wanaotazama. Odyssey iko karibu zaidi na bao kuliko na gemu tunazozijua leo.

Sitaki kuipamba. Michezo yake mingi inachosha haraka, na bila plastiki mingine haina maana yoyote. Uliodumu ni Table Tennis, ambao haukuhitaji plastiki wala maelezo marefu. Mwaka huohuo wa 1972 Atari walitoa Pong, mashine ya baa na kumbi za starehe, yenye mpira uleule wa nukta, ila ina sauti, na alama zinaonekana juu ya kioo. Toleo lake la nyumbani lilifuata mwaka 1975. Hapo mashine ikawa refa. Watu walifurahi, na haki yao, maana ugomvi wa "goli, si goli" huchosha kuliko mchezo wenyewe. Lakini refa akishaingia uwanjani, huwa hatoki tena.

Tukumbuke mahali wazo lilipoanzia. Ralph Baer, mhandisi ambaye familia yake iliikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1938, alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya vifaa vya kijeshi mwaka 1966 alipojiuliza runinga inaweza kufanya nini zaidi ya kupokea vituo. Marekani ilikuwa na mamilioni ya runinga, na mwenye runinga alikuwa na uwezo wa kubadili chaneli au kuzima. Kuifunga Odyssey kulikuwa kuchomoa waya wa kituo cha matangazo na kusema: saa hizi kioo hiki ni chetu.

Sasa tazama mashine za leo. Waya ni mmoja, hata mtoto anauchomeka. Kazi inaanza baadaye: intaneti, akaunti, nywila, masharti ya kukubali, sasisho la kupakua. Xbox One ilipotoka mwaka 2013, ilibidi iunganishwe na intaneti walau mara moja ndipo ianze kutumika. Kisoma diski kinachouzwa peke yake kwa ajili ya PlayStation 5 nyembamba ya mwaka 2023 nacho lazima kwanza kisajiliwe na mashine kupitia intaneti. Baadhi ya kadi za Nintendo Switch 2, ya mwaka 2025, hazina gemu ndani. Zina ufunguo wa kwenda kuipakua. Bisibisi imetoka, ruhusa imeingia. Na kwa nyumba ambayo intaneti yake ni bando la simu, ruhusa hiyo ina bei, na hulipwa kabla padi haijashikwa.

Nitaambiwa kwamba gemu za leo ni kubwa, zina makosa yanayohitaji kurekebishwa, na kwamba akaunti humsaidia mzazi kuweka mipaka. Ni kweli. Lakini mzazi wa 1972 aliweka mipaka kwa kusogeza swichi. Tena watu hawajaacha kuleta sheria zao. Kwenye vibanda vya gemu mitaani, "ukifungwa unampisha mwenzako" haimo kwenye programu yoyote, na inaheshimiwa kuliko masharti ambayo kila mtu hukubali bila kuyasoma. Tofauti ni kwamba siku hizi sheria za watu zinasubiri nje mpaka kampuni ifungue mlango, na kampuni huweza kuufunga pia. Duka la intaneti la Wii lilifungwa Januari 2019, na aliyechelewa hawezi tena kununua humo.

Ndiyo maana naona uhakiki wa gemu unachelewa unapoanza na picha, hadithi na ugumu wa mchezo. Uanze sanduku linapofunguliwa: nani anaombwa, nani anasubiriwa, na nini kitatokea asipojibu. Odyssey yenye betri zake 6 na runinga ya zama zake haina wa kumwomba. Inawasha nukta zake, kisha inamsubiri mtu aliyekaa kando aseme: umetoka njiani, rudi mwanzo.