Bei ya bugali ya nyumbani

Bandugu, hesabu inayopita hapa kila wiki ni ile ile: friti na kuku ya mjini ni bei kali, bugali na maharagi ya nyumbani ni bei ndogo. Mimi siikubali. Maharagi makavu yanakaa juu ya mbabula masaa mawili, hata matatu, na hapa Goma makala mengi yanatoka katika miti ya Virunga. Maji nani amebeba? Dada (yeye hamumulipi, basi hamumuhesabu). Mutu anayepanga chumba peke yake, akiwasha moto kwa sahani moja, anapata hasara, afazali friti. Kwa batu nane, moto ni ule ule. Hesabu yenu inataja sahani moja tu, na mpishi hayumo.